Tangi chini, sukuma wiki juu: akwaponiki katika ua wa Nairobi

Akwaponiki ni kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale yanayozunguka. Wanaoanza huuliza samaki wangapi wataenea. Uliza kwanza ni gramu ngapi za chakula zitaingia majini kila siku. Mimea hula chakula hicho hicho cha samaki, baada ya kupita matumboni mwao na bakteria kugeuza amonia kuwa nitraiti, kisha nitreti. Mita moja ya mraba ya mboga za majani hutaka gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku; nyanya na hoho, 50 hadi 80.

Tangi linalofaa nyumbani ni lile la plastiki la lita 1,000 lenye fremu ya chuma. Muulize muuzaji lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kupikia au sharubati linaoshwa. La kemikali liache, hata kwa bei ya bure. Kwa grainda, kata sentimita 30 kutoka juu, plastiki na fremu pamoja. Kipande cha juu kikigeuzwa kinakuwa beseni la mimea la mita 1.2 za mraba, na cha chini kinabeba lita 600 bila kufurika. Weka beseni juu ya tangi kwa mbao za nne kwa mbili, ulisogeze kando kidogo upate nafasi ya kulisha na kuvua. Paka tangi rangi nyeusi kisha nyeupe, au livalishe magunia, maana mwanga ukipenya mwani hujaa.

Uzito usikuponyoke. Kokoto za kina cha sentimita 28 ni karibu nusu tani, na lita 600 za maji ni kilo 600 zaidi ya hapo: jumla inapita tani moja juu ya eneo dogo kuliko kitanda cha watu wawili. Weka ardhini au juu ya zege lililo ardhini. Roshani ya ghorofa haifai.

Chukua kokoto za nusu inchi hadi robo tatu. Dondoshea siki kwenye chache. Zikitoa povu zina chokaa na zitapandisha pH (kipimo cha asidi ya maji) kila siku, kwa hiyo zikatae. Zinazopita mtihani zioshe hadi maji yatoke safi, na kazi hii ni ndefu kuliko watu wanavyodhani: vumbi linalobaki ndilo huziba pampu wiki ya kwanza.

Sehemu inayosumbua zaidi ni saifoni, mabomba yanayomwaga maji ya beseni yenyewe kila linapojaa. Simamisha bomba la inchi 1 katikati ya beseni, urefu sentimita 23, ili maji yaishie sentimita 5 chini ya uso wa kokoto. Uso ukibaki mkavu hauoti mwani. Lifunike kwa bomba la inchi 3 lililozibwa juu na kukatwa vijidirisha vya sentimita 2 chini, kisha lizungushie bomba la inchi 4 lenye matundu lizuie kokoto. Pampu ya kuzamishwa ya lita 1,000 kwa saa inatosha. Kabla ya vali ya bomba liendalo kwenye beseni, weka tawi linalorudisha sehemu ya maji tangini, ili beseni lipate kama lita 600 kwa saa. Likijaa kwa takriban dakika 13, saifoni hushika, maji humwagika kwa kishindo, kisha husikika mkoromo hewa inapoingia na mzunguko unaanza upya. Maji yakichuruzika tu bila kushika, mtiririko ni mdogo: fungua vali. Yakishuka bila kukata, ni mkubwa mno: punguza. Beseni likiwa limejaa, tangi linashuka kama sentimita 11. Ni kawaida, hakuna kilichovuja.

Maji ya mfereji yana klorini, inayoua samaki na bakteria pia. Yaache wazi saa 48, au 24 ukiyapulizia hewa. Kwa mgao wa maji wa mji huu, pipa la lita 100 lililojaa maji yaliyokwisha tulia ni la lazima, maana kila wiki utaongeza yaliyokauka. Maji ya kisima cha kuchimba pima pH kwanza. Ya mvua ni mazuri ila pH yake hushuka haraka.

Sasa subira. Tia gramu 10 za chakula kwa siku, bila samaki, pampu ikizunguka. Ukipata ndoo ya kokoto kutoka mfumo unaofanya kazi, imwage humo. Pima kwa vipimo vya matone vinavyouzwa kwa wauza samaki wa mapambo: amonia itapanda, nitraiti itafuata, kisha zote mbili zishuke karibu na sifuri huku nitreti ikipanda. Ni wiki 4 hadi 6, na zaidi maji yakiwa baridi. Kuanzisha mwezi wa Septemba ni busara: joto liko mbele yako.

Nunua vifaranga 25 vya tilapia dume watupu. Mchanganyiko utazaana na tangi lijae vijisamaki visivyokua. Acha mfuko wao uelee juu ya maji dakika 20, ukiongeza maji ya tangi kidogo kidogo. Kifaranga cha gramu 10 hula hadi asilimia 10 ya uzito wake, kwa hiyo mwanzoni ni gramu 25 tu kwa siku: panda nusu ya beseni. Wakifika gramu 100 kila mmoja, asilimia 2 inakupa gramu 50, na hapo beseni zima linashiba: letasi 20 hadi 25 kwa mita ya mraba, au sukuma wiki 8 hadi 10. Wakipita gramu 300, anza kuwala wakubwa. Chakula kilichobaki baada ya dakika kumi kitoe kwa wavu.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hilo lina gharama mbili. Maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita kule Mombasa, lakini hapa hayafiki 7, kwa hiyo pampu ya hewa si anasa. Iwe ya betri inayowaka yenyewe stima ikipotea. Halafu Julai: tilapia haili maji yakishuka chini ya nyuzi 17, na chini ya 12 hufa. Funika tangi kwa nailoni na magunia, upime joto asubuhi kabla ya kulisha. Kuna baridi? Usilishe. Chakula kisicholiwa kinaoza na amonia hupanda. Mboga zitazubaa, lakini zitarudi.

Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, chuma kimepungua. Yeyusha gramu 11 za unga wa chuma cha mimea (chelated iron) wenye asilimia 11 ya chuma kwa lita 600. pH ikishuka chini ya 6, bakteria hulegea. Ipandishe polepole kwa kijiko kidogo cha chokaa kilichokorogwa kwenye ndoo, ukipima kesho yake.

Vidukari watakuja kwenye sukuma, hapana budi. Waoshe kwa maji ya nguvu, au ng'oa jani lililojaa. Dawa ya pareto, ambayo wengi huiona salama kwa kuwa ni ya maua, ni sumu kali kwa samaki. Sabuni huharibu matamvua yao, na majivu yanapandisha pH. Jirani akipulizia maua yake, funika tangi kwanza.