Namna ya kukitumia "prendre" na wageni wa Kifaransa

Wanangu mnaoanza kutembeza wageni Mji Mkongwe wa Zanzibar, kitenzi nitakachokupeni kwanza ni prendre. Kamusi itakwambieni ni "kuchukua". Msiishie hapo. Prendre ni kama "piga" yetu: piga picha, piga pasi, piga mbizi, maana huja na neno linalofuata. Kihifadhini pamoja na mwenzake.

Prendre un café ni kunywa kahawa. Prendre le bateau, kupanda boti. Prendre une douche, kuoga. Ukielekeza njia, "prenez à gauche", shika kushoto. Z ya mwisho haitamkwi. Katika je prends, d na s hazisikiki, na n hupita puani tu. Mgeni akisimama mbele ya viungo Darajani akasema "Je prends ça", bei imekubaliwa, mfungieni.

Forodhani, anayeuza pweza amuulize mteja, "Qu'est-ce que vous prenez?", utachukua nini? Ndivyo mhudumu wa Paris anavyouliza, na mgeni hujibu, "Je vais prendre le poulpe." Mkitumia manger, yaani kula, hapo mtaeleweka, lakini prendre ndiyo lugha yao ya mezani.

Sentensi moja nataka muiseme kila siku kabla hamjaingia vichochoroni: "Demandez avant de prendre une photo", ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Kina mama waliokaa barazani wako kwao, si mapambo ya mji. Mwenye nyumba akikataa, semeni "Ne prenez pas de photo". Une imegeuka de kwa sababu ya kukanusha. Na kwa jambo lililokwisha fanyika ni pris: "J'ai pris les billets", nimeshachukua tiketi.

Sasa hilo "kuchukua" lenyewe, ndipo wengi wanapokwama. Kumpitia mgeni hotelini ni passer prendre: "Je passe vous prendre à huit heures." Huit heures ya asubuhi ni saa mbili yetu, hivyo ukimwambia deux heures atakungojea mchana. Lakini ukishampakia garini, safari ya msitu wa Jozani haina prendre tena, ni emmener, kupeleka: "Je vous emmène à Jozani." Na ukimchukulia mkoba, ni porter, kubeba: "Je porte votre sac."