Bana mzunguko wa taa kabla ya shoo

Ukiendesha taa zinazogeuza kichwa kwa QLC+, programu ya kompyuta ya kuongoza taa za jukwaa, usiziache zizunguke kote. Nyingi hugeuka nyuzi 540 kushoto na kulia, na kuinama nyuzi 270, hivyo kidole kikiteleza kidogo tu mwanga mkali unawapiga watu wa mbele machoni. Inaumiza kweli. Kwenye XY Pad, kile kibao cha kwenye skrini cha kuelekeza taa, kuna vitelezi vya kubana eneo la kazi. Vibane mpaka mwanga ubaki jukwaani. Fanya hivyo taa zikishafungwa mahali pake, mwanga ukiwa hafifu. Mizunguko ya EFX, yaani ile taa zinayoifuata zenyewe, ina vipimo vyake vya upana na kimo, ipunguze humo humo. Taa iliyoning'inizwa juu chini huenda kinyume, ipime peke yake.