Somo: Kuloweka kostiki na kuitunza isipoteze ukali

Nianze na jambo litakalowaudhi baadhi ya walimu wenzangu: zile siku tatu wanazofundisha za kuloweka kostiki (soda kali ya kutengenezea sabuni) si siri ya sabuni. Ukikoroga vizuri, chenga zote huyeyuka ndani ya dakika chache. Kinachosubiriwa ni maji yapoe na uchafu utuame. Ukiloweka jioni, kesho yake unachanganya sabuni. Sabuni za wengi zinawasha mikono au zinalegea kwa sababu hawajui maji yao ya kostiki yana ukali gani.

Andaa kostiki ya chenga kilo 1, maji safi lita 3 (ya mvua ndiyo bora), ndoo ya plastiki ngumu, mwiko wa stenlesi, glavu ndefu za mpira na miwani inayoziba hadi pembeni. Vaa mikono mirefu na viatu vya kufunika. Usiguse alumini kabisa. Mwaka wangu wa kwanza ndoo ilikuwa imelowekewa nguo, nikachukua sufuria ya alumini. Ikaanza kutokota bila moto, ikawa nyeusi, mvuke ukanikaba koo. Hewa inayotoka pale ni haidrojeni, na jiko la mkaa lilikuwa hatua tano tu kutoka niliposimama.

1. Pima kostiki kwa mizani. Kikombe kinadanganya, maana chenga kubwa huacha nafasi katikati.

2. Maji yatangulie ndooni, kostiki ifuate kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu ya kostiki, yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Fanyia kazi hiyo nje, upepo ukutoke mgongoni.

3. Koroga tangu chenga za kwanza. Zikiachwa zitulie chini zinashikana kuwa jiwe. Ndoo itapata moto sana, usishtuke.

4. Funika, weka pasipofikiwa na mtoto wala kuku, uache ipoe kabisa.

5. Pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea na kusoma uzito wa maji ya kostiki ukilinganisha na maji matupu. Kilo 1 kwa lita 3 ni asilimia 25, na kostiki safi iliyopoa husoma karibu 1.27. Ikisoma 1.22 una kama asilimia 20: ama maji yamezidi, ama kostiki ilishanyonya unyevu tangu dukani. Ukipima ikiwa ya moto itasoma chini ya ukweli. Na ile ya kupimia maziwa haifai, vipimo vyake vinaishia chini mno.

Faida ya kujua ukali ni hii. Kilo 1 ya mawese huhitaji takriban gramu 141 za kostiki. Mimi hupunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki kulainisha ngozi, nabaki na gramu 134. Kwa maji ya asilimia 25, hizo ni gramu 536 za maji ya kostiki. Mafuta ya nazi yanakula zaidi, gramu 183 kwa kilo, kwa hiyo ukibadilisha mafuta bila kubadilisha hesabu umeharibu.

Kutunza: dumu la plastiki ngumu lenye kifuniko cha kukaza, lijazwe karibu na shingo. Andika KOSTIKI, tarehe na ukali. Chupa ya soda au ya maji ya kunywa ni marufuku, hata kwa usiku mmoja. Mtoto haulizi, anakunywa.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Shikamoo mwalimu. Dumu langu la miezi minne lina unga mweupe shingoni. Limeharibika?
Marahaba. Hewa ukaa imeingia na kugeuza sehemu ya kostiki kuwa kitu cha ukoo wa magadi. Kwa kiasi hicho si hasara kubwa. Chota maji ya juu taratibu, na jaribu kwanza kwa sabuni ndogo. Haidromita peke yake haitakwambia, maana magadi nayo huongeza uzito wa maji.

Niko Njombe. Nililoweka kilo 1 kwa lita 1, asubuhi nimekuta imeganda.
Hiyo ni asilimia 50, nayo huanza kuganda kwenye nyuzi 12 hivi. Legeza kifuniko, simamisha dumu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Kwa baridi ya huko, rudi kwenye lita 3.

Ikinirukia, nipake siki?
Hapana, usipoteze muda kutafuta siki. Vua nguo iliyolowa, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20 au zaidi. Jicho liendelee kuoshwa hata mkiwa njiani kwenda hospitali. Aliyekunywa asitapishwe, maana itamuunguza mara ya pili ikipanda. Asuuze mdomo, akimbizwe hospitali.

Bibi yangu alitumia maji ya majivu ya mgomba. Naweza kuyachanganya na kostiki?
Ya bibi ni potashi, chumvi kali ya majivu isiyo sawa na kostiki, ndiyo maana sabuni yake ilikuwa laini ya kuchota kwa kidole. Ukiyachanganya hesabu yote inapotea. Tengeneza ya bibi peke yake, kwenye chungu chake.