Somo: Kuuza moduli na ramani zako Foundry, Roll20 na DriveThruRPG (soma kabla ya kuniuliza)

Wiki hii nimeulizwa mara nne "naanzaje kuuza ramani zangu?", mara moja hata ndani ya feri ya Likoni, mtu kanishika mkono. Naandika mara hii tu. Atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Nazungumzia michezo ile ya kuigiza na dadu, ila inayochezwa kwenye kompyuta: mwendeshaji yuko Nyali, wachezaji wametawanyika, ramani na dadu zimo ndani ya programu. Foundry na Roll20 ndizo programu zenyewe, DriveThruRPG ni duka la mtandaoni. Mchezo si wetu. Sisi twauza nyongeza: ramani, na moduli, yaani kifurushi cha nyongeza kinachosakinishwa ndani ya programu.

1. Jua sheria za nani unazitumia. Sheria za msingi za Dungeons & Dragons, hati iitwayo SRD 5.1, ziliwekwa chini ya leseni huria ya CC BY 4.0 Januari 2023, baada ya wachezaji kuwaka kwa ajili ya leseni nyingine iliyokuwa ikipikwa na wenye mchezo. Toleo la 5.2 likafuata 2025. Waruhusiwa kuuza ulichojenga juu yake mradi utaje chanzo kwa tamko lile lile lililoandikwa humo. Usilitunge lako. Madubwana mengine, kama mind flayer, hayamo kwenye orodha yake, hivyo yaache. Majini wa Pemba hawana mwenye hakimiliki.

2. Chora ramani. Hili mwalijua.

3. Pima miraba. Roll20 huhesabu pikseli 70 kwa mraba, Foundry huanzia 100. Ramani ya miraba 30 kwa 20 ya Foundry ni pikseli 3000 kwa 2000, si 3012. Hifadhi kwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, wanunuzi wengine wanatumia bando.

4. Weka kuta, milango na taa za programu, zile zinazoamua mchezaji aone nini. Hapa ndipo mtu anapotolea pesa. Picha tupu zimejaa mtandaoni bure.

5. Funga moduli ya Foundry. Hapa nisikilizeni. Moduli yangu ya kwanza niliijaribu kwangu siku tatu, safi kabisa. Nikaiuza. Mnunuzi wa kwanza akaniandikia kwamba anaona weusi mtupu. Nikamjibu kwa kiburi kuwa kompyuta yake mbovu. Wa pili akaniandikia, wa tatu pia. Kumbe nilipounda maonyesho (onyesho ni ramani moja iliyotayarishwa kuchezwa), picha nilizipakia ndani ya folda ya "worlds", yaani ulimwengu wangu wa majaribio, na kila onyesho likaenda na njia ile. Kwangu picha zilikuwepo, kwa hivyo zilionekana. Mnunuzi hana ulimwengu wangu! Picha zitie ndani ya "modules", kwenye folda ya moduli yako, KABLA ya kuunda onyesho. Nikarekebisha, nikarudisha dukani, na nusu ya watu bado waona weusi. Mara hii ni herufi: faili yaitwa Ngome.webp, mimi nimeandika ngome.webp. Windows haijali. Seva za Linux, ambako wengi wamekodi nafasi ya kuwekea Foundry yao, zinajali sana. Tangu hapo majina yangu yote ni herufi ndogo, bila nafasi. Na siuzi kitu mpaka nikisakinishe kwenye kompyuta ya mtu mwingine, isiyo na faili yangu hata moja. Kompyuta yako itakudanganya kila siku.

6. Peleka dukani. DriveThruRPG hukupa 70% ukiahidi kutouza kwingine, 65% ukibaki huru. Mimi nimebaki huru. DMs Guild, duka la kazi za D&D, ni 50% na huwezi kuuza kazi hiyo kwingine, ila waruhusiwa kutumia Forgotten Realms, ulimwengu wa hadithi wa mchezo huo. Roll20 uombe kwanza wakukubali.

7. Pesa. PayPal, kisha M-Pesa. Kwa Kenya zimeunganishwa tangu 2018. Kwenye kubadilisha dola utakatwa, zoea.

MASWALI

KijanaKisauni: Kaka, pesa zinafikaje M-Pesa?
— Hatua ya 7.

KijanaKisauni: Nilisoma haraka. PayPal niliyo nayo ina jina la shemeji, kuna neno?
— Lipo. Jina la PayPal na la laini ya M-Pesa yawe moja. Fungua yako.

ShababuBamburi: Nimenunua ramani ya msanii fulani. Nikiongeza kuta na taa naweza kuiuza?
— Hapana.

ShababuBamburi: Lakini kuta ni jasho langu.
— Basi uza kuta bila ramani, tuone.

BintiTudor: Nataka kuchora Mji wa Kale, vichochoro vyote mpaka Fort Jesus. Naweza kuchora juu ya picha za Google Maps?
— Usifanye hivyo dada, picha zile zina wenyewe. Tumia OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni: data yake waruhusiwa kuifanyia biashara, mradi uwataje. Ngome nenda mwenyewe. Wareno walianza kuijenga 1593, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na umbo lake limefuata uwiano wa mwili wa binadamu, kwa hivyo ramani yake ina mabega na pembe ambazo wapiga mishale watazipenda. Kumbuka mchezoni mraba mmoja ni futi 5. Kuna vichochoro ambavyo havifiki miraba miwili. Hapo adui mmoja tu atazuia kundi zima, na huna haja ya kubuni mtego.

MzeeWaDadu: Ongeza na hili: wasinakili folda ya moduli huku ulimwengu uko wazi. Tangu Foundry toleo la 11 hifadhidata ni ya aina iitwayo LevelDB, ukiinakili ikiwa inatumika yaweza kuharibika.
— Kweli mzee, nililisahau. Funga ulimwengu kwanza, ndipo unakili. Na stima ya huku mwaijua, wekeni nakala nje ya kompyuta.

BintiTudor: Shukran. Kesho napita na futi ya fundi kupima vichochoro.
— Enda kabla ya magharibi. Wazee wa barazani wakikuuliza wapima nini, waambie ramani. Mambo ya majini usiyataje.