Koti la marehemu: kutoka wazo hadi hadithi fupi

Fundi cherehani anafumua bitana ya koti la marehemu, anakuta risiti ya kiwanja yenye jina la mwanamke asiyemjua. Wazo zuri, ila bado si hadithi. Ukianza kuandika sasa, utakwama ukurasa wa tatu, maana hakuna anayetaka kitu. Mpe fundi shida: mjane aliyeleta koti ndiye mwenye fremu, chumba cha duka anachopanga fundi, na fundi anadaiwa kodi ya miezi mitatu. Aseme au anyamaze? Hapo pana hadithi.

Andika tukio la mwisho kwa sentensi moja, hata kama utalibadilisha baadaye. Kisha panga matukio manne au matano. Kwa maneno 2,000 yanatosha. Anzia wembe ukiwa tayari kwenye mshono. Utoto wa fundi haumhusu msomaji.

Rasimu ya kwanza isukume maneno 500 kwa siku, bila kurudi nyuma. Usilolijua, mathalani bei ya bitana, liwekee XX uendelee. Anayepiga msasa ukurasa wa kwanza kila asubuhi huishia kuwa na ukurasa mmoja unaong'aa.

Ifungie siku saba, halafu isome kwa sauti. Kiswahili kina mtego wake hapa: "Alimtazama, akamwuliza kama amemwona." Nani kamwuliza nani? Kiambishi a- hakitofautishi mwanamke na mwanamume, basi rudisha jina au kazi: "Fundi alimtazama mjane." Mtego wa pili ni msururu wa -ka-: akainuka, akachukua, akafungua, akasoma. Vikizidi vinne mfululizo, hadithi inageuka ripoti ya polisi. Vunja kwa mazungumzo au kwa kitu kinachoonekana.

Kagua na desturi. Mjane Mwislamu aliyemo edani, yaani miezi minne na siku kumi za kukaa ndani baada ya kufiwa na mume, hatarajiwi kuzunguka na koti kwa fundi, angemtuma mtoto. Msomaji wa Pwani atalinasa kosa hilo mara moja. (Na kumtuma mtoto kunanogesha: je, mtoto anajua kusoma?)

Punguza asilimia kumi, 2,000 ziwe 1,800. Aya ya kwanza ndiyo huondoka mara nyingi, pamoja na ile ya mwisho inayoeleza funzo. Fundi akishaikunja risiti na kuirudisha ndani ya bitana, akaishona, acha hapo.

Mpe mtu mmoja asome. Usimwulize kama ni nzuri, atakusifu tu. Mwulize aliichokea wapi, uweke alama mstari huo huo.