Kurudi Old School RuneScape ukiwa Lubumbashi: kutoka akaunti ya zamani hadi Tombs of Amascut

Mdogo wangu wa Katuba aliacha Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni, kabla eneo la Varlamore halijafunguliwa Machi 2024. Juzi akaniuliza: "Yaya, nataka kurudi, lakini naona kila kitu kimegeuka. Nianzie wapi?" Haya ndiyo niliyomfanyisha, kwa mpangilio uleule. Yanamfaa mtu ambaye mhusika wake amekwisha kukomaa kiasi na sasa anataka kufika kwenye reidi, yaani pambano refu lenye mabosi (maadui wakubwa) kadhaa.

Hatua ya 1: Akaunti

Pakua Jagex Launcher, hamishia mhusika wako kwenye Jagex Account, washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha andika namba za siri za akiba kwenye karatasi. RuneLite, programu ya kuchezea mchezo, utaifungua kutoka humohumo. Kwenye simu akaunti ni ileile, ila mimi simu naiachia kuvua samaki na kukata miti. Mabosi napiga kwa mashine (kompyuta) tu.

Huna kadi ya benki ya kulipia uanachama? Kama mhusika wako ana dhahabu ya kutosha, nunua bondi Grand Exchange, soko la mchezoni. Bondi moja inakupa uanachama wa siku 14.

Hatua ya 2: Mtandao

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa wakidhani wamesahau kucheza. Usiruke hata mstari mmoja.

Mchezo huu unahesabu kila kitu kwa tiki, na tiki moja ni sekunde 0.6. Ukibofya, seva inangoja tiki inayofuata ndipo itekeleze. Kwa hiyo milisekunde 200 za kwenda Ulaya na kurudi hazikuui. Kinachoua ni mtandao unaoyumba: sasa hivi 180, mara 900, mara kimya. Unabadilisha sala (kinga ya mhusika wako), inafika tiki mbili baadaye, na TzTok-Jad, bosi wa Fight Caves, amekwisha kukumaliza. Hapa kwetu watu wanalia kwamba seva ziko mbali. Umbali unavumilika, kuyumba ndiko kusikovumilika.

Pima kwanza. Fungua Command Prompt uandike:

ping -n 100 oldschool2.runescape.com

Hiyo ni Dunia 302, iliyoko Uingereza (kila "dunia" ni seva moja ya mchezo). Kwa dunia nyingine, toa 300 kwenye namba yake. Mashine nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, basi tazama kwanza palipoandikwa "perdus" (pakiti zilizopotea): panatakiwa pawe 0. Kisha linganisha Minimum na Maximum. "Moyenne" (wastani) iache, inadanganya. Kwa mdogo wangu Moyenne ilipendeza kabisa, huku Maximum ikipita sekunde nzima. Pima jioni watu wote wakiwa mtandaoni, na upime tena alfajiri.

Kama namba zinarukaruka, anza na simu inayokugawia mtandao. Ikiachwa ichague yenyewe, inahamahama kati ya 4G na 3G, na kila ikihama unasimama. Ikaze kwenye moja. Usidhani 4G ndiyo bora siku zote: nyumba ambayo 4G inaonyesha kijistari kimoja, 3G iliyotulia inaishinda mbali.

Halafu unganisha simu na mashine kwa waya wa USB, si kwa Wi-Fi. Kwa mdogo wangu hilo peke yake lilipunguza nusu ya tabu. Ila ujue kwamba umeme ukikatika, simu itaanza kunywa betri ya laptop, kwa hiyo ichaji mapema. Hata hivyo naipenda njia hii kuliko ruta ya nyumbani isiyo na betri, maana ruta inazimika palepale na mhusika wako anabaki amesimama akipigwa.

Kwenye Windows, weka mtandao huo kuwa "connexion limitée", la sivyo masasisho yatakula mega zako katikati ya pambano. Ndani ya RuneLite washa World Hopper, panga dunia kwa pingi (muda wa kwenda na kurudi), chagua iliyo chini, halafu irudie ile amri ya ping kwa dunia hiyo. VPN siipendekezi, ukitaka kuijaribu, pima ping kabla na baada, usifuate hisia.

Jumatano mchana usianze kitu kirefu. Ndiyo siku ya kawaida ya masasisho, na seva huzimwa.

Hatua ya 3: Benki

Usiuze chochote kilichomo kwenye benki ya mhusika wako wiki ya kwanza.

Hatua ya 4: Kurudisha mkono

Anza na Fight Caves. Ni mawimbi 63 ya maadui, Jad akiwa la mwisho, na yanaendana na umeme wetu: bofya kutoka mara moja, mchezo utakutoa wimbi likiisha, na ukirudi unaendelea ulipoachia. Baadaye fanya kazi ya Perilous Moons huko Varlamore, ufungue Moons of Peril. Chakula unakipata mlemle, na mabosi watatu wana mwendo unaosomeka. Ni shule nzuri ya miguu.

Ukifa penginepo, vitu vyako kwa kawaida vinakaa kaburini dakika 15. Muda ukipita vinahamia kwa Death, mhusika wa mchezo anayevitunza, na kuvitoa ni kulipa.

Hatua ya 5: Tombs of Amascut

Reidi hii ilifunguliwa Agosti 2022 na inataka uwe umemaliza Beneath Cursed Sands. Inapokea mtu 1 hadi 8, na ugumu unafuata idadi. Ingia peke yako kwanza, mtandao ukikatika usiwaangushe wenzako. Kiwango cha reidi, yaani ugumu wake, kiache chini ya 150. Utapita kwa mabosi Akkha, Kephri, Ba-Ba na Zebak kwa mpangilio unaoutaka, halafu Wardens, mabosi wa mwisho. Helpful Spirit, roho anayekusaidia humo, akikupa uchague msaada, chukua Life.

Ukizoea, ongeza invocation (masharti ya kuongeza ugumu) mojamoja hadi ufike 150. Zinazobana muda na zinazopunguza nafasi za kurudia ziache mwisho kabisa: Walk for It inakupa dakika 40 tu, na umeme wetu hauaminiki.