Kuendesha warsha ya sayanotaipu: picha za bluu kwa chumvi za chuma na jua

Ukitaka kuwafundisha watu uchapaji wa picha wa karne ya 19 kwa siku moja, anza na sayanotaipu. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aliivumbua mwaka 1842, na mahitaji yake ni machache: chumvi mbili, jua na maji. Haidai chumba cha giza wala madini ya fedha. Hata hivyo wepesi huo hupotosha. Picha nyingi zinazotoka warshani zikiwa hafifu hazikuharibiwa na dawa. Zilitolewa juani mapema mno. Kwa hiyo jambo kubwa la kumfundisha mshiriki ni kusoma rangi ya karatasi.

Dawa

Dawa A ni gramu 25 za feri amonia sitrati ya kijani. Ongeza maji yaliyokenekwa mpaka ujazo ufike mililita 100. Dawa B ni gramu 10 za potasiamu ferisianidi, nayo ijazwe maji mpaka mililita 100. Weka kila moja kwenye chupa yake ya kahawia yenye lebo na tarehe. Dawa A huota ukungu ikikaa. Uchuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, dawa itafaa bado. Zichanganye sawa kwa sawa siku ya kazi tu, kwa sababu zikishakutana huanza kuharibika.

Karatasi ya A4 hunywa kama mililita 2 hadi 2.5. Washiriki 8 wenye karatasi 3 kila mmoja watatumia takribani mililita 60, na brashi za sponji zitameza nyingine. Changanya 40 za A na 40 za B.

Jina la ferisianidi hutisha, lakini sianidi yake imeshikwa na chuma na haiachiki kirahisi. Kinachoifungua ni asidi kali au moto mkali, na hapo hutoa gesi ya sumu. Viweke mbali kabisa. Siki kidogo tutakayotia kwenye maji ya kuoshea haina madhara hayo. Vaeni glavu, na chombo kilichotumika kwa dawa kisirudi jikoni kamwe.

Karatasi na kupaka

Chagua karatasi ya pamba ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, isiyotiwa chokaa. Karatasi nyingi nzuri za wachoraji hutiwa chokaa ili zidumu, na chokaa hiyo ndiyo adui: bluu hii huvunjika ikikutana na alkali. Jaribu kipande kimoja siku moja kabla, usingoje kugundua mbele ya watu.

Andika jina nyuma ya karatasi kwa penseli, maana wino wa kalamu huvuja. Funga madirisha kwa pazia zito na uwashe taa ya manjano yenye mwanga mdogo. Taa za mirija zina urujuanimno (miale isiyoonekana kwa macho, UV) wa kutosha kuchafua karatasi. Mimina dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mstari mmoja juu ya karatasi, kisha isambaze kwa brashi ya sponji, kushoto na kulia, halafu juu na chini. Maliza ndani ya dakika moja. Ukiendelea kusugua, nyuzi za karatasi huinuka. Ukiacha madimbwi, dawa hukauka juu juu na kuondoka na maji baadaye. Usitumie brashi yenye shingo ya chuma: dawa hula chuma na kuacha madoadoa ya bluu.

Karatasi ilale mpaka mng'ao uishe, kisha ikae kabatini gizani dakika 30 hadi 60. Iliyo tayari ni ya manjano-kijani. Ikiwa imeshageuka kijivu au bluu, iache. Ikiwa bado na unyevu itagandamana na negativu (filamu angavu yenye picha ambayo weusi na weupe wake vimegeuzwa) na kuiharibu.

Wakati huo wa kungoja, panga majani. Mtaalamu wa mimea Mwingereza Anna Atkins alichapa mwani kwa njia hii kuanzia 1843, na mimea bado ndiyo kitu kizuri cha kuanzia. Ibanwe kitabuni siku nzima kabla. Jani bichi hutoa mvuke chini ya kioo na kuacha doa la maji.

Juani

Panga ubao, karatasi, jani au negativu (upande wenye wino ukigusa dawa), kioo cha kawaida, kisha bana kwa vibanio. Kioo kinachozuia urujuanimno hakifai, kwani miale hiyo ndiyo inayobadilisha chuma ili kiungane na ferisianidi kuwa bluu isiyoyeyuka majini.

Anza na ukanda wa majaribio: funika kwa kadibodi, fungua sehemu mpya kila dakika 2 hadi ufike 14. Jua la mchana huhitaji dakika 5 hadi 15, mawingu huhitaji zaidi. Rangi hutoka manjano-kijani, huwa bluu, kisha sehemu nyeusi kabisa hugeuka kijivu chenye mng'ao wa shaba. Hapo ndipo mnapotoa, si kabla. Mshiriki atasema imeungua. Mwambie angoje, kwa kuwa maji yataondoa sehemu kubwa ya anachokiona. Ukitaka kuchungulia, ingia kivulini, legeza vibanio vya upande mmoja tu. Negativu ikisogea, mistari hutoka miwili.

Kusafisha

Beseni la kwanza ni maji yenye siki, mililita 15 kwa lita. Tikisa taratibu dakika moja, kisha badilisha maji safi mara mbili au tatu, jumla dakika 5 hadi 10, mpaka manjano yote yatoke kwenye sehemu nyeupe. Manjano yakibaki, nyeupe itageuka bluu baadaye. Bluu kamili huja yenyewe ndani ya saa 24. Wenye haraka watumbukize picha sekunde 30 kwenye lita moja ya maji yenye mililita 20 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, kisha wasuuze. Hailiboreshi zao la mwisho, bali washiriki huona papo hapo rangi watakayoipata, na hilo husaidia sana kupanga muda wa karatasi inayofuata.

Anika kivulini. Picha isioshwe kwa sabuni wala kuwekwa kwenye albamu yenye chokaa. Iliyopauka kwa kukaa dirishani, ilaze gizani siku kadhaa, na sehemu kubwa ya bluu yake itarudi.